Sista, Ngoja Usikie "Ila"

Mama mmoja wa Likoni alipasuliwa tumbo usiku. Asubuhi nikapita na trei yangu, nikamwuliza, "Umeamkaje, mama?" Akanijibu, "Sijambo mwanangu, alhamdulillahi." Nikaandika kwenye chati kwamba hana maumivu, nikasogea kitanda cha pili. Saa saba, wakati wa wageni, bintiye akaja na chupa ya uji (ambao mama hakuwa ameruhusiwa bado), kisha akanifuata pale mezani petu. "Sista, mama hajageuka tangu asubuhi. Kanga ameiuma mpaka imelowa."

Nilikuwa nimesalimia, nikadhani nimeuliza. Mtu aliyelelewa Mombasa hajibu salamu kwa kulalamika. Hutanguliza sijambo, hushukuru, na ukiwa na subira ndipo huja neno lenyewe: "ila." Sijambo, ila hapa ubavuni. Sijambo, ila usiku sikulala. Muuguzi mwenye wagonjwa wengi na mikono miwili huwa ameshaondoka kabla ya hiyo "ila." Nami ndivyo nilivyofanya.

Mwaka 1968 muuguzi wa Marekani, Margo McCaffery, aliandika jambo lililobadili kazi yetu: maumivu ni vile anavyosema mwenye kuumwa, na yapo pale anaposema yapo. Tusiyapime kwa wingi wa kilio. Naikubali kauli hiyo, lakini wodini kwetu shida kubwa si mgonjwa anayesema tukamkadhibisha. Shida ni anayenyamaza, tukamshukuru kwa kutotusumbua.

Halafu juu ya faili daktari ameandika "dawa ya maumivu, ikihitajika." Nani atasema inahitajika? Maana yake ni kwamba mgonjwa aombe, na huyu ni mtu anayeona haya hata kuomba maji. Kwa hiyo dawa hubaki kabatini, na kila mtu amefuata maagizo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1986 kuhusu maumivu ya saratani ulitaka dawa itolewe kwa saa zilizopangwa, si kwa kuombwa. Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi kabla ya kuwa daktari na akafungua hospisi (nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona) ya St Christopher's kule London mwaka 1967, alishikilia jambo hilo hilo: dozi itangulie, maumivu yasipate nafasi ya kurudi. Kwa siku za kwanza baada ya upasuaji mkubwa, mimi humwomba daktari abadilishe maandishi hayo kila ninapoweza. Wengine hununa kidogo, kisha huandika.

Wapo watakaosema huku ni kumdekeza mgonjwa, na kwamba maumivu hayaui. Basi mwambie mama aliyeshonwa tumbo akohoe. Hawezi. Anavuta pumzi fupi fupi, makohozi yanakaa kifuani, nimonia inaingia. Hasimami, na damu inaweza kuganda miguuni. Ndiyo maana siku hizi swali langu si "unaumwa?" bali "ukikohoa je? Ukigeuka je?" Aliyelala tuli kama gogo anaweza kukwambia kwa ukweli kabisa kwamba haumwi. Nikijua atainuliwa kutembea, au kidonda cha moto kitafunguliwa kisafishwe, dawa naitanguliza mapema. Na mto wa kukumbatia juu ya mshono wakati wa kukohoa hausubiri sahihi ya mtu.

Kuna ile namba ya sifuri hadi kumi ambayo mgonjwa hutaja kupimia maumivu yake. Mzee mmoja wa Mji wa Kale nilipomwuliza alinitazama kwa huruma: "Mwanangu, maumivu yapimwa kwa pishi?" Siidharau namba, kwani hunisaidia kulinganisha kabla ya dawa na baada yake. Lakini Kiswahili kimenipa kipimo kingine. Kichwa chawanga. Tumbo lasokota. Ngozi iliyochubuka yachonyota. Kidonda chapwita, na kikipwita siku ya tatu au ya nne naifungua bendeji nitazame kama kuna usaha. Mguu ulio ndani ya plasta ukiuma kupita kiasi, dawa isishike, na vidole vikafa ganzi, hapo siongezi kidonge: namwita daktari mbio. Muuguzi anayeandika "anaumwa" tu ametupa nusu ya habari.

Morfini, dawa ya maumivu makali, nayo ina mkasa wake hapa Pwani. Familia zetu zimeona vijana wakimalizwa na unga, kwa hiyo ukitaja jina hilo mtu anamwona teja wa mtaani kwao. Siwalaumu. Hukaa nao nikawaeleza kwamba dozi iliyopimwa kwa ajili ya maumivu makali, chini ya jicho la muuguzi, si ile ya kichochoroni. Hatari zake zipo, na kuzikinga ndiyo kazi yangu: nahesabu pumzi, naangalia usingizi unaozidi, maana mara nyingi usingizi hutangulia kabla pumzi haijapungua. Choo kigumu nakitarajia tangu siku ya kwanza. Jirani zetu Uganda tangu mwaka 2004 wamewaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu waandike morfini wenyewe. Mfano huo naupenda sana, kwa kuwa daktari hupita asubuhi, na maumivu huamka saa nane za usiku.

Tunaposhindwa zaidi, tena hata sisi tunaojiona hodari, ni baada ya kutoa dawa. Sindano imepigwa, saa imeandikwa, sahihi ipo, basi tunaona kazi imekwisha. Imemsaidia? Dawa ya mshipani nataka jibu lake ndani ya nusu saa, ya kidonge baada ya saa moja hivi. Nikikuta bado, nampigia daktari, hata kama sauti yake ni ya mtu aliyetolewa usingizini.

Yule mama wa Likoni nilimrudia mchana ule baada ya sindano, nikavuta kiti nikakaa. "Sasa vipi, mama?" "Sijambo," akasema. Nikanyamaza. Feni ikazunguka weee. "Ila," akasema, "mgongo."

Tangu hapo, pembeni mwa chati, nimejichorea kwa kalamu safu ndogo ya saa ya kuuliza tena. Jumanne iliyopita, zamu ya usiku, ilikuwa na nafasi nne tupu. Zamu ilikuwa yangu.