Hakuna Aliyenisukuma

Nimechoka kuishi katika mji ambao kila siku ninayumba, ninagonga watu na kumwaga vitu, halafu hesabu ikipigwa inaonekana hakuna mtu aliyenifanya lolote. Jirani yangu, mwalimu mstaafu wa fizikia, amejiteua kuwa wakili wa wote wanaonitesa, na hajashindwa kesi hata moja.

Tuanze na daladala. Nimesimama katikati, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine umeshika mfuko wa nyanya, dereva anamwona abiria kituoni akiwa amekwisha kumpita, anakanyaga breki kwa uchungu wa mtu anayeiona nauli ikibaki nyuma, nami ninajikuta nimelalia kapu la samaki la mama mmoja ambaye hatujawahi hata kusalimiana. "Baba, hilo bomba umelishika la nini?" ananiuliza, na gari zima linasubiri jibu. Nikasema kuwa dereva ndiye aliyenisukuma.

Jioni Mwalimu alilifuta shtaka hilo kabla sijamaliza kulisoma. Alinieleza kwamba tangu mwaka 1687, Isaac Newton alipochapisha sheria zake za mwendo, inajulikana kuwa kitu kinachokwenda huendelea kwenda kwa kasi ile ile na katika mstari ulionyooka mpaka kani fulani, yaani msukumo au mvuto, ikizuie. Breki zilisimamisha gari, sakafu ya gari ikazisimamisha nyayo zangu kwa msuguano wa soli, na sehemu yote iliyobaki ya mwili, ambayo haikupewa taarifa, ikaendelea na safari ya Kariakoo. "Hukusukumwa, jirani. Wewe ndiye uliyekataa kusimama." Kisha akaongeza, kana kwamba ananifariji, kuwa gari lililokuwa likienda kilomita 40 kwa saa likisimama ndani ya sekunde 2, abiria aliyesimama huhisi kana kwamba sakafu imeinama karibu nyuzi 30, sawa na paa la bati. Sijui ni nani mwingine hapa mjini anayelipa nauli kamili ili asimame juu ya paa na nyanya mkononi.

Kwenye kona ni yale yale: mimi ninaamini ninatupwa nje, kumbe ni mimi ninayekwenda moja kwa moja kwa adabu zangu zote, na gari ndilo linalokata kona chini yangu. Dereva hana hatia tena.

Lakini daladala ni afadhali kuliko maji. Bomba la jengo letu likikauka, na hukauka kila ninapokuwa nimejipaka sabuni, huwa ninachota maji uani kwa ndoo ya lita 20. Kutoka bombani hadi kwenye ngazi ni tambarare, vidole vinaingia ganzi, bega linashuka, mshikio wa waya unaacha mstari mwekundu kiganjani. Na Mwalimu, akiwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, anatangaza kuwa kwa umbali wote huo kazi niliyoifanyia ndoo ni sifuri. Sababu yake ni kwamba kani ninayoitoa inaelekea juu huku ndoo ikisogea kwa mlalo, kwa hiyo kani hiyo haiongezi chochote katika nishati yake. Na huu mkono unaouma? Anasema nyuzi za misuli hujikaza na kulegea bila kukoma, zikila chakula changu na kukigeuza joto. Yaani ninawapikia misuli wangu, na wao wanaota moto.

Ngazi zinahesabiwa kuwa kazi, namshukuru Mungu. Kuipandisha ndoo hiyo mita 12 hadi kwetu ni takriban jouli 2,350, jouli ikiwa ndiyo kipimo cha kazi. Nilipotaka kujua hiyo ni sawa na chakula kiasi gani, aliandika kwenye gazeti lake na kunijibu kuwa ni kama nusu ya kilokalori, kipimo ambacho chapati moja inacho zaidi ya mara mia. Kisha, bila kuombwa, akapiga hesabu ya mwili wangu wa kilo 80 unaopanda pamoja na ndoo, akagundua kuwa mzigo mkubwa ngazini si maji. Mimi peke yangu ni ndoo nne.

Siku mshikio ulipong'oka kwenye ghorofa ya nne, ndoo ilipita katika uwazi wa ngazi na ndala yangu moja ikaifuata. Ndoo ilifika chini kwa takriban sekunde moja na nusu, ikiwa na kasi ya kilomita 55 kwa saa, ambayo daladala letu halijaifikia asubuhi yoyote ninayoikumbuka. Ndala ilichelewa kidogo, na Mwalimu alifurahi mno: ni hewa tu iliyoichelewesha, kwa maana mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alidondosha nyundo na unyoya mwezini, kusiko na hewa, vikatua pamoja. Scott alisifiwa dunia nzima. Mimi nilipigishwa deki ngazi zote.

Nikadhani safari hii mshtakiwa amepatikana, nayo ni dunia yenyewe. Wapi! Sheria ya tatu ya Newton inasema kuwa dunia inanivuta kwa nyutoni 784, nyutoni ikiwa kipimo cha kani, nami ninaivuta kwa nyutoni 784 zile zile. Tunavutana sawasawa, lakini kwa kuwa kilo zake zinaandikwa kwa 6 ikifuatwa na sifuri 24, ni mimi tu ninayeonekana nikianguka.

Akaniambia nishukuru, kwani huku karibu na ikweta mvutano ni pungufu kwa nusu asilimia hivi kuliko kwenye ncha za dunia, na mizani ya springi ingenipunguzia kama gramu 400. Nilikimbilia buchani kudai na mimi punguzo langu, nikakuta mizani ya mawe, ambayo nyama na jiwe vyote vimepungukiwa sawa. Mwalimu sasa ananishauri nipande Kilimanjaro, mita 5,895, ambako nitapungua gramu 100 nyingine hivi. Nilipomuuliza ni nani atakayezibeba hizo ndoo nne mpaka kileleni, alikunja gazeti lake akaingia ndani.