Kagera na Akagera: acheni kusahihishana

Tena wiki hii mtu kaandika "Mto Akagera", watu wakamrukia kwamba hajui jina la mto. Wengine wakaapa kuwa hiyo ni mito miwili, mmoja wa Rwanda na mmoja wa kwetu. Jamani, mto ni huohuo.

A ile haikubandikwa na mtu, wala Watanzania hawakuidondosha kwa uzembe. Nomino nyingi za Kinyarwanda na Kirundi huanza na irabu: umuntu, inzu (nyumba), Akagera. Kiswahili hakina irabu hiyo, ndiyo maana tunasema mtu, tukasema na Kagera. Hata Mnyarwanda akitanguliza "mu" (yaani ndani ya), irabu inaanguka: mu nzu, mu Kagera. Kila upande unafuata sarufi yake.

Kinachopoteza watu zaidi ni B. Katika Kinyarwanda na Kirundi, B iliyo kati ya irabu haifungi midomo. Jaribu kutamka "ba" midomo ikikaribiana bila kugusana: sikio la Mswahili litakwambia ni "va" au "wa". Ndivyo Mto Ruvubu wa Burundi unavyoingia Ngara, Tanzania, ukiitwa Ruvuvu, na Mto Nyabarongo wa Rwanda ukaandikwa Nyawarongo kwenye ramani za zamani. Ruvuvu si kosa, lakini kuna kinachopotea: kiboko kwa Kirundi ni imvubu, na kwenye jina Ruvuvu huwezi kumsikia tena.

Haya, majina rasmi yabaki yalivyo. Hifadhi ya Rwanda ni Akagera. Mkoa uliokuwa Ziwa Magharibi ni Kagera tangu 1979. Hapo sina ubishi.

Ila anayeandika habari za mto ataje majina yote mawili mara ya kwanza, kisha ashike moja hadi mwisho. Anayetafuta takwimu za maji atafute Kagera na Akagera, Ruvubu na Ruvuvu, Akanyaru na Kanyaru, mto wa mpakani mwa Rwanda na Burundi. Ruvubu inaungana na Kagera karibu na Rusumo, kwenye mitambo ya megawati 80 ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Ukitafuta kwa tahajia moja, unaletewa ripoti za upande mmoja wa mpaka na kudhani upande wa pili hawapimi maji.

Na ukipanda kufuata mto, jina Akagera usilivushe Ziwa Rweru, lililo mpakani mwa Rwanda na Burundi. Juu ya hapo ni Nyabarongo, ikiwa imeshapokea Akanyaru.