Skrini ndogo ya VirtualBox haitibiwi kwa xrandr

Ukisimika Ubuntu (mfumo wa Linux) ndani ya VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, mara nyingi inawaka kwenye kidirisha cha 800×600 ambacho hakikui hata ukivute vipi. Ukiuliza, jibu la kwanza utakalopewa ni msururu wa amri za xrandr, zana ya Linux ya kubadilisha vipimo vya skrini. Kwangu mimi huo ni ushauri mbaya, kwa sababu unafunika dalili na kuacha chanzo.

Mfumo mgeni, yaani huo ulio ndani ya VirtualBox, hauioni skrini yako. Unaona kadi ya grafiki ya kuigiza tu. Unapovuta dirisha, lazima kuwe na programu ndani ya mgeni inayopokea ukubwa mpya na kumwambia kiendeshi abadilishe. Kazi hiyo ni ya Guest Additions, programu saidizi za VirtualBox zinazosimikwa ndani ya mgeni. Bila hizo, unapiga simu isiyo na mpokeaji.

Anza na mipangilio, mashine ikiwa imezimwa kabisa. Ikiwa imehifadhiwa katikati ya kazi, sehemu hizo hazibadiliki. Ingia Display, kwenye Graphics Controller chagua VMSVGA kwa Linux, au VBoxSVGA kwa Windows. Mashine iliyoundwa zamani huenda bado inatumia VBoxVGA, na watu wengi hawafikirii kuangalia hapo. Kisha pandisha Video Memory hadi MB 128. Hesabu yenyewe ni rahisi: kila pikseli hula baiti 4, kwa hiyo 1920×1080 inahitaji kama MB 8, lakini 3840×2160 inahitaji zaidi ya MB 30. Ukiiacha kwenye MB 16, skrini ya 4K haiwezekani.

Sasa washa mashine, fungua terminali:

sudo apt update
sudo apt install build-essential dkms linux-headers-$(uname -r)

Usiruke hatua hii. Moduli za Guest Additions hujengwa papo hapo kulingana na keneli (kiini cha mfumo) uliyonayo, na vichwa vya keneli (faili za linux-headers hapo juu) vikikosekana ujenzi unakwama. Ndiyo maana pia skrini iliyokuwa sawa jana inaweza kusinyaa leo baada ya keneli kusasishwa. Halafu nenda Devices, chagua Insert Guest Additions CD image, ingia kwenye folda ya hiyo CD na uendeshe:

sudo sh ./VBoxLinuxAdditions.run

Washa upya, hakikisha moduli imepakiwa kwa lsmod | grep vboxguest, kisha kwenye menyu ya View weka alama Auto-resize Guest Display. Vuta dirisha. Skrini ikiwa nyeusi, zima mashine, rudi Display na uondoe alama ya 3D Acceleration.

Kuna wanaokimbilia Ctrl ya kulia pamoja na C. Hiyo hunyoosha picha tu. Pikseli ni zilezile, herufi zinakuwa na ukungu, na upau wa menyu unatoweka. Bonyeza tena kutoka.

xrandr ina nafasi yake, lakini ya mwisho, pale unapotaka kipimo maalumu kwenye kikao cha X11, mfumo wa zamani wa kuchora madirisha kwenye Linux. Kwenye Wayland, mrithi wake ambaye Ubuntu za sasa huanza naye, haitakuongezea kipimo. Na wenye laptopu za 1366×768 wajue kwamba cvt, amri inayokokotoa kipimo cha kumpa xrandr, hukadiria upana kwa mafungu ya 8, hivyo itakupa 1368. Pikseli 2 hizo zinatosha kukuletea upau wa kusogeza chini ya dirisha.