Mmea wa Florida ambao sheria inaulinda nusu

Kwenye fukwe za kusini mashariki mwa Florida, Marekani, kuna mmea utambaao mchangani uitwao Jacquemontia reclinata. Ni wa jamii moja na kiazi kitamu, una maua meupe na majani madogo manene, na kiasili unaota katika kaunti tatu tu: Miami-Dade, Broward na Palm Beach. Mwaka 1993 serikali ya shirikisho iliuingiza kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Hadi leo haujatoka humo.

Wanaoibeza orodha hiyo wana hoja nzito. Sheria ya shirikisho ya 1973 ya kulinda viumbe walio hatarini, yenye orodha hiyo, inakataza kumuua mnyama aliyeorodheshwa hata akiwa uwanjani kwako. Mmea haukupewa hadhi hiyo. Ukiwa kwenye kiwanja cha mtu binafsi, mwenye kiwanja anaweza kuung'oa, mradi havunji sheria ya jimbo na ujenzi wake hauhitaji kibali wala fedha za serikali ya shirikisho. Na pwani hiyo ardhi yake ni dhahabu. Hoteli na maghorofa yalishameza sehemu kubwa ya matuta ya mchanga kabla ya 1993.

Watetezi nao hawasemi hewa. Bila orodha, idara za shirikisho zisingelazimika kuuangalia mmea huu kabla ya kuidhinisha kazi zinazogusa ufukwe, na fedha za utafiti zingekwenda kwingine. Bustani ya mimea ya Fairchild imekusanya mbegu, ikakuza miche na kuipanda katika hifadhi za umma. Kundi kubwa zaidi la porini liko Crandon Park, Key Biscayne, ambayo ni mali ya kaunti. Huko hakuna bwanyenye wa kumlaumu.

Hapo ndipo naona pande zote mbili zinabishania uzio, ilhali mmea unakufa kwa kivuli. Unataka jua na mchanga ulio wazi. Zamani vimbunga vilifumua vichaka na kuacha nafasi. Siku hizi tuta limebaki ukanda mwembamba kati ya bahari na barabara, vichaka vinafunga, na hakuna anayetaka kimbunga kipite tena.

Sehemu ya kivuli hicho ni mvinje, huuhuu wa kwetu, uliopelekwa Florida katika karne ya 19. Bamburi, Mombasa, mvinje ni shujaa: tangu 1971 ulipandwa kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji yaliyoachwa, na majongoo wakaletwa wa kusagasaga majani yake yaliyodondoka. Florida majani hayohayo yanafunika mchanga na kuzima kila kinachojaribu kuota chini yake. Kuukata ni uamuzi mwepesi, ingawa wapenda kivuli cha pikiniki wananung'unika.

Kazi iko kwa Coccoloba uvifera. Huo ni mti wa asili wa pwani hiyo, una majani mapana ya duara, na jimbo linaulinda kwa sheria kwa kuwa unashika mchanga. Vichaka vya tutani pia huwakinga vifaranga wa kasa na taa za mji zinazowapoteza njia. Sasa nani apishe? Kasa ana picha nzuri zaidi, na kwa kawaida hushinda. Mimi ningeruhusu vichaka vipunguzwe upande wa nyuma wa tuta, wenye jua na usiotazama bahari, ambako ndiko mmea wenyewe huota, na kuacha ukuta wa mbele kwa ajili ya kasa.

Lipo pia suala la hesabu. Wapo wanaotaka miche iliyopandwa ihesabiwe, ili siku moja hadhi ya mmea ishushwe na fedha ziende kwa viumbe wengine. Nisingekubali haraka. Mche wa kitaluni unaweza kuishi miaka na kuchanua vizuri bila kuacha hata chipukizi moja mchangani. Kinachostahili kuhesabiwa ni watoto wake walioota bila kupandwa na mtu, na mpaka hao waonekane kwa wingi hifadhi moja baada ya nyingine, jina libaki orodhani.