Zimwi la Wino Mweusi

Wapenzi wa rangi wanisamehe, lakini kwangu mimi picha tamu kabisa za vitabu vya ngano ni zile zilizochorwa kwa kalamu na wino mweusi, basi.

Mchukue Mwingereza Arthur Rackham. Mwaka 1900 zilitoka ngano za ndugu Grimm wa Ujerumani zikiwa na michoro yake, karibu yote ya wino mtupu. Mwaka 1909 zikatolewa upya katika kitabu kikubwa cha fahari, michoro kadhaa ya awali akiwa ameirudia na kuitia rangi. Wengi wanamsifu kwa hilo la pili. Mimi nabaki na la kwanza.

Picha za rangi enzi zile zilihitaji karatasi laini ya kung'aa, kwa hiyo zilichapwa kando kisha zikabandikwa kitabuni. Ndiyo maana nyingi zimeishia kuchomolewa na kutiwa fremu. Mchoro wa wino ulichapwa kwa bamba la zinki pamoja na maneno, wino uleule, karatasi ileile. Mchawi anakaa palepale anapotajwa.

Na bamba lile halikujua kijivu. Ama wino upo, ama haupo. Kivuli chote kilibidi kitoke kwenye mistari: ikiachana, ni mchana, ikisogeleana, jua linazama, ikikatishana, huko usiende. Isogelee miti ya Rackham uone. Mistari inalizunguka shina, inafuata kila nundu, inateremka hadi kwenye mizizi iliyopindana kama vidole vya kizee. Ukikaza macho, kumbe gome lina pua! Na jicho moja linakutazama.

Vitabu vingi vya watoto ninavyokutana navyo siku hizi, vya Kiswahili vikiwemo, vina rangi za kompyuta zilizokolea hadi pembeni. Zimwi la kijani, meno meupe, linatabasamu. Sasa hilo litamla nani?

Mchapishaji anayelia na gharama za rangi nne angejaribu wino mmoja, hela inayobaki ampe mchoraji. Tena amlipe vizuri na asimharakishe, maana mstari wa wino ukienda upande hakuna kitufe cha kuurudisha. Ni kukwangua kwa wembe taratibu, au kuchukua karatasi nyingine.