Simu ya Mtu wa IT Hailii Kukiwa Kwema

Mwezi uliopita kijana mmoja niliyemfundisha kazi, tangu enzi za kujifunza kubana vichwa vya kebo, alinitumia barua yake ya kuacha kazi niipitie kabla hajaipeleka utumishi. Nikajua amepata mshahara mnono. Kumbe wala. Anakokwenda wanamwongezea kiasi ambacho ukitoa nauli na chakula cha mchana hakibaki kitu. Nikampigia kumuuliza kulikoni. "Kaka," akaniambia, "huu mwaka wa tatu. Hakuna hata siku moja mtu aliyenipigia kuniambia mambo yanakwenda vizuri."

Nilishinda na maneno hayo kutwa nzima, maana ni ya kwangu pia.

Kazi yetu ya IT, yaani kutunza kompyuta na mitandao ya ofisi, ikifanyika vizuri haionekani. Fundi akimaliza ukuta, wapita njia wanausifu. Nani amewahi kuisifu seva, ile kompyuta kuu inayohudumia ofisi nzima, kwa sababu haikuzima? Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na kwa majirani. Siku zile nilipokea simu mfululizo, na karibu zote zilianza na "Wewe, mbona mtandao hamna?" Hitilafu iko chini ya Bahari ya Hindi, lawama iko kwangu Tabata.

Ijumaa ya tarehe 19 Julai mwaka huohuo, sasisho bovu la programu ya kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zilizokadiriwa na Microsoft kufika milioni 8.5. Tulisikia sana habari za ndege zilizokwama. Ambacho hakikusemwa sana ni kwamba mashine nyingi hazikuweza kufufuliwa kwa mbali. Ilibidi mtu asimame mbele ya kila moja, aiwashe kwa namna ya dharura, afute faili moja, aiwashe upya, ahamie nyingine. Fikiria jengo lenye kompyuta 800. Wapo waliokesha wikiendi ile wakipita meza kwa meza, ili Jumatatu wenzao wakute kila kitu kinawaka.

Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake walichapisha utafiti uliowahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh. Waligundua kwamba yanayomkera mtu kazini ni mengine, na yanayomridhisha ni mengine. Mshahara mdogo na msimamizi msumbufu vinakera, lakini ukiviondoa, kero ndiyo imeondoka. Raha bado haijaja. Raha inatoka kwenye kazi yenyewe: kufanikisha jambo, na jambo hilo kutambuliwa. Wapo wataalamu walioupinga utafiti huo. Mimi naukubali, kwa sababu ya usiku mmoja.

Ilikuwa mwisho wa mwezi, kwenye ofisi niliyofanya kazi zamani. Diski ya seva ya mishahara ilikufa saa tatu usiku. Seva yenyewe iliwekwa stoo, katikati ya maboksi ya mafaili ya miaka iliyopita, kiyoyozi kikidondosha maji kwenye ndoo. Nikafunga diski mpya, nikaanza kurudisha kumbukumbu kutoka kwenye nakala ya akiba. Asilimia 11. Asilimia 12. Kila baada ya muda nainuka kumwaga ile ndoo. Adhana ya alfajiri ilinikuta nalinganisha jumla na karatasi za uhasibu, na hesabu zilipokubaliana hadi shilingi ya mwisho, nilikaa juu ya boksi machozi yakanitoka kwa furaha. Sijawahi kuipenda kazi hii kama asubuhi ile. Nikaenda nyumbani kuoga. Niliporudi saa nne, nilikuta naitwa kwa bosi nieleze kwa nini nimechelewa kuingia.

Mishahara ilitoka siku ileile. Hakuna aliyejua kama ilikaribia kutotoka.

Wakubwa wengi wanaogopa kusifu, wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Naiheshimu methali hiyo, lakini maofisini imegeuzwa kisingizio cha unyamavu. Mgema wetu halitii maji. Anateremka mnazi na kwenda zake, na mnaanza upya kumtafuta mwingine.

Tena shukrani peke yake haitoshi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na muda wa ziada ulipwe si chini ya mara moja na nusu ya ujira. Simu ya saa sita usiku ya "dakika tano tu" nani anaiandika? Iandikwe, ilipwe.

Nasi watu wa IT tuna letu, na linaniuma zaidi kulisema. Tunawadharau tunaowahudumia. Dada wa mapokezi akisahau nenosiri mara ya pili, tunaguna, tunatazamana, tunacheka akiondoka. Ofisi hiyohiyo ya zamani, dada mmoja alibofya kiungo kwenye barua pepe ya matapeli akanyamaza siku mbili, kwa kuogopa tutamcheka. Siku hizo mbili zilitugharimu wiki tatu za kusafisha. Nilimwomba radhi, na nilimaanisha. Tunalia kwamba hatuheshimiwi, wakati mtu mzima anaona heri aumie kimya kuliko kubisha mlango wetu.

Yule kijana aliipeleka barua. Wakamwomba aandike kazi zake zote ili atakayempokea azijue. Aliandika siku nne, zikafika kurasa kumi na moja: nakala za akiba za kila usiku, leseni za kuhuisha, kamera za getini, hata betri za mashine ya mahudhurio. Bosi wake akazisoma zote mbele yake, taratibu, kisha akamuuliza, "Haya yote ulikuwa unayafanya wewe?"

Ijumaa hii ndiyo siku yake ya mwisho.