Kikapu cha mteja hakihitaji Redux

Nina ugomvi na namna tunavyoanza miradi hapa Dar. Kazi ni tovuti ya duka la vipuri Kariakoo: kurasa chache, kikapu, malipo ya simu, basi. Lakini siku ya kwanza tu, kabla hata kitufe kimoja hakijaonekana kwenye skrini, mtu keshasakinisha Redux, maktaba ya kutunza data ya programu mahali pamoja, na kufungua folda tatu tupu. Muulize kwa nini, atakwambia ndivyo kozi ilivyofundisha.

Redux yenyewe haina kosa. Dan Abramov na Andrew Clark waliitoa 2015, wakati React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, haikuwa na njia rasmi ya kuaminika ya kupeleka data kwenye komponenti (vipande vya ukurasa) za mbali. Nidhamu yake ni kwamba kila badiliko lipite mlango mmoja na lionekane. Kwenye mfumo mkubwa unaoguswa na timu nyingi, nidhamu hiyo inalipa. Ila mwaka uliofuata tu, Abramov huyohuyo aliandika kuwaambia watu kwamba huenda hawaihitaji. Sisi bado tunaibeba, tena kwa timu ya watu wawili pale Sinza.

Wengine wanakimbilia Context, njia ya React yenyewe ya kugawia komponenti nyingi data, kwa sababu inakuja bure. Hapo ndipo simu ya mteja inapoteseka. Chukua ile namba ndogo juu ya alama ya kikapu. Umeweka kikapu, jina la mteja, lugha na maneno ya kutafutia ndani ya Context moja. Mteja anaandika "brake pad" kwenye kisanduku cha kutafutia, na kwa kila herufi kila komponenti inayosoma Context hiyo inachorwa upya, pamoja na orodha nzima ya bidhaa. Kwenye laptopu yako huoni kitu. Kwenye simu ya bei ya chini, herufi zinakuja zikijikokota, na mteja anadhani mtandao ndio mbovu.

Kwa kazi za namna hii mimi nachukua Zustand, maktaba nyingine ndogo ya kutunza data. Ilitoka 2019, uzito wake ikishabanwa ni kama kilobaiti moja, na huhitaji kuizungushia programu nzima. Unatengeneza stoo, yaani ghala la data, kisha kila komponenti inaomba kipande chake: ile namba ya kikapu inaomba idadi ya vitu tu, kwa hiyo mteja aandike anavyotaka, yenyewe haistuki. Ina mtego mmoja: komponenti ikiomba kitu kinachoundwa upya kila inaposomwa, mfano orodha iliyochujwa palepale, toleo la 5 linaweza kuingia kwenye mzunguko usioisha. Dawa yake ni useShallow, inayolinganisha vilivyomo ndani ya orodha, na ipo ndani ya maktaba yenyewe.

Kinachonifanya niipende zaidi ni persist, ile nyongeza yake ya kuhifadhi data ya stoo kwenye localStorage, hifadhi ya kivinjari ndani ya simu. Mteja wetu anajaza kikapu, anahamia WhatsApp kumuuliza fundi namba ya kipuri, anasikiliza voice note ndefu. Simu ina RAM ndogo, kwa hiyo Android inaufuta ukurasa kwenye kumbukumbu. Akirudi, ukurasa unaanza upya na kikapu kitupu. Unadhani ataanza kuchagua tena? Anampigia muuza duka mwingine. Kwa persist, kikapu kinamsubiri.

Lakini angalia unachohifadhi. Weka utambulisho wa bidhaa na idadi, ukitumia partialize kuacha mengine nje. Bei usiiweke kamwe. Vipuri vinaagizwa kwa dola, bei ya Jumatatu si ya Ijumaa, na hutaki mteja aje dukani na skrini inayobishana na risiti. Bei na hesabu ya mzigo uliopo ni mali ya seva. Hizo ziachie TanStack Query, maktaba ya kuleta data kutoka kwenye seva. Maandishi ya fomu yabaki kwenye useState, kumbukumbu ya komponenti moja, hayana safari.

Nikikabidhiwa mfumo wa benki wenye idhini za ngazi nyingi, ambapo mkaguzi anataka kuona kila hatua iliyobadilisha skrini, nitairudia Redux, kupitia Redux Toolkit iliyopunguza maandishi mengi. Kwa duka la Kariakoo, stoo yangu ina kikapu, lugha na tawi alilochagua mteja. Kijana wa timu akitaka kuongeza cha nne, namuuliza kwanza kama seva haikijui tayari. Mara nyingi inakijua.